Mfundishe Kujibu Kabla ya Kuandika

Tuseme mwanafunzi wa kidato cha pili, Juma, ameandikiwa barua pepe na binamu yake aliyezaliwa na kukulia ughaibuni. Binamu huyo anakisikia Kiswahili lakini hawezi kukiandika, kwa hiyo ametumia Kiingereza: "Hi Juma, Mum says we're coming to Tanga in August! What should I pack? And is it true you've joined the school football team? Tell me everything! Amina."

Mwalimu akilitoa hili kama zoezi, majibu mengi atakayokusanya yatakuwa ya sura hii: "Dear cousin, I am writing this email to inform you that I have received your email. I hope you are fine. I am also fine. You should carry light clothes. I have joined the football team. I wish you a safe journey. Yours faithfully, Juma."

Litafute kosa la sarufi humo, hulioni. Mwenye kalamu nyekundu atatia alama ya vema na kuendelea. Lakini Amina akiisoma atadhani ameandikiwa na ofisi ya forodha. Hakuna furaha ya kusikia wageni wanakuja, hakuna swali hata moja la kumrudishia, na timu ya mpira imetajwa kana kwamba ni taarifa ya kujaza kwenye fomu.

Udhaifu huu una vyanzo ambavyo mwalimu anaweza kuvitaja kwa majina. Cha kwanza ni mahali mtoto anapokutana na Kiingereza. Tanzania, sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, na kwa wanafunzi wengi lugha hiyo hukaa darasani tu. Wanaipata kwenye vitabu vya biolojia, historia na jiografia. Ndiyo maana "obtain", "inform" na "commence" huwajia upesi kuliko "get", "tell" na "start". Msamiati wa mezani, wa uwanjani na wa utani hawajausikia vya kutosha, na mtu hawezi kuandika mazungumzo ambayo hajawahi kuyasikia.

Cha pili ni mapokeo yetu ya barua. Waliosoma enzi za stempu wanakumbuka ufunguzi wake: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ufunguzi huo ulikuwa na kazi yake. Barua ilichukua wiki kadhaa njiani, jibu nalo wiki nyingine, kwa hiyo ilibidi salamu zote zipakiwe safari moja. Barua pepe inaweza kujibiwa kabla chai haijapoa. Mwanafunzi anapoihamisha desturi ile kwenda Kiingereza, anapata aya nzima ya "I hope you are fine" huku maswali ya mwenzake yakisubiri.

Cha tatu ni sisi walimu. Tunapenda kufundisha kinachosahihishwa kwa urahisi: anwani ikae wapi, tarehe ikae wapi, mstari wa mada uandikwe vipi. Umbo lina umuhimu wake, ila linafundishika kwa kipindi kimoja. Vipindi vinavyobaki vinadai kitu kigumu zaidi.

Barua pepe ya rafiki ni zamu katika mazungumzo. Mtu amesema, nawe unajibu, kisha unamwachia nafasi aseme tena. Kwa hiyo agizo la "Mwandikie rafiki yako barua pepe kuhusu shule yako" lina kasoro tangu mwanzo: rafiki gani, ameuliza nini, na kwa nini asiyajue tayari mambo ya shule hiyo? Mwanafunzi akikosa msomaji, humwandikia mtahini.

Watunzi wa mitihani ya kimataifa wanalielewa hili. Katika mtihani wa Cambridge wa ngazi ya B1, swali la kwanza la uandishi humpa mtahiniwa barua pepe aliyoandikiwa, ikiwa na vidokezo vinne pembeni, naye anatakiwa kuijibu kwa maneno kama 100. Jibu hupimwa kwa vigezo vinne: maudhui, ufanisi wa mawasiliano, mpangilio na lugha. Mwanafunzi mwenye sarufi safi akiruka kidokezo kimoja, alama za maudhui zinashuka. Kenya nako, karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ina alama 60, na 20 kati yake ni za uandishi wa kiuamilifu, ambamo barua pepe ni mojawapo ya tungo zinazotahiniwa. Na mfumo wa ngazi za lugha uliotolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001 unaiweka barua ya binafsi mapema: kwenye A2 mtu anaweza kuandika barua fupi ya kushukuru au kuomba radhi, na kwenye B1 anasimulia yaliyomkuta na alivyojisikia. Insha ya hoja huja juu zaidi. Sisi mara nyingi tunaanza na insha.

Basi tuanzie kwenye barua ya binafsi: mpe mwanafunzi barua ya kujibu, na umtake kwanza apigie mstari kila swali na kila habari inayostahili neno. Kwenye barua ya Amina atapata mambo matatu: safari, mizigo, na timu. Asiandike hata sentensi moja mpaka ajue atasema nini juu ya kila moja, na atamuuliza Amina nini.

Ndipo zije zana za lugha, chache na zenye kazi. Ya kwanza ni ufupisho: "I'm", "don't", "can't". Darasani wengi wamefunzwa kwamba maneno haya ni ya uvivu, wakati mwenye Kiingereza chake akimwandikia ndugu "I am" na "do not" mfululizo, msomaji huhisi amekasirikiwa. Ya pili ni vitenzi vya kila siku badala ya vile vya vitabuni: "find out" mahali pa "discover", "put off" mahali pa "postpone". Ya tatu ni maneno ya kugeuzia mazungumzo, "anyway" na "by the way", yanayomruhusu mtu kuhama kutoka mpira kwenda samaki bila kuomba ruhusa. Ya nne ni swali la kurudisha. Bila swali, barua imefunga mlango.

Hapa utakutana na kigugumizi ambacho vitabu vingi vya kufundishia havikitarajii. Mtoto aliyelelewa kuamkia wakubwa anaona lugha nyepesi ni utovu wa adabu. Atamwandikiaje bibi yake "I'm" na "can't wait"? Mweleze kwamba kwa Kiingereza heshima kwa bibi hukaa kwenye "Dear Grandma", katika kumuuliza hali ya goti lake, katika kushukuru kwa zawadi kwa kuitaja. Ufupisho haumvunjii heshima. Kinachomvunjia ni "u" mahali pa "you", na "Hey" bila jina. Kwa rafiki wa rika lake, "Hey" ni sawa kabisa. Mwisho wa barua nao una ngazi: "Love" kwa wazazi, bibi na shangazi, "Take care" kwa yeyote wa karibu, na mvulana anayeona haya kumwandikia mjomba "Love" anatosheka na "Best wishes". "Yours faithfully" ibaki kwa mtu usiyemjua jina.

Darasa lenye wanafunzi 60 na kompyuta mbili halizuii somo hili. Gawa nusu karatasi. Kila mmoja aandike juu jina la mpokeaji, chini yake mada, kisha mistari mitano kwa mwanafunzi wa safu nyingine, yenye maswali mawili ya kweli. Karatasi zibadilishwe, zijibiwe kwa dakika kumi, zirudi kwa mwenyewe. Aliyeuliza ndiye msahihishaji wa kwanza: je, nimejibiwa? Mwalimu apitie majibu machache tu, na ayasome kwa sauti. Darasa litasikia lenyewe lipi ni la rafiki na lipi ni la karani.

Baada ya mizunguko kadhaa, Juma anaweza kufika hapa: "Hi Amina, August? I can't wait! Pack light clothes, but bring a jumper for Lushoto. It's freezing up there at night. And yes, I'm in the team, but I'm only the second goalkeeper, so don't tell anyone! By the way, does your brother still hate fish? Mum's already planning the menu. Take care, Juma."

Linganisha na jibu la mwanzo. Nguo nyepesi zimo katika barua zote mbili, lakini hii ya pili inamjua Amina: inajua kwamba Lushoto kuna baridi mwezi wa nane na mgeni hajui, inajua kaka yake hapendi samaki. Kipimo cha kusahihishia kinatoka hapo, nacho ni rahisi hata kwa madaftari 60. Mwambie kila mwanafunzi, kabla hajakusanya, apigie mstari sentensi moja ambayo asingeweza kumtumia mtu mwingine yeyote. Asipoiona, mrudishie daftari lake, hata kama sarufi yote ni sahihi.