Asidi ya Betri na Kipimo cha pH

Leo tunaeleza neno ambalo watoto wetu hukutana nalo katika somo la kemia, nalo ni pH (hutamkwa "pi-echi"). Ni kipimo cha uasidi, kilichoanzishwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Sørensen. Namba zake kwa kawaida ni 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, yaani 7. Chini ya 7 ni asidi, ambayo wengi tunaiita tindikali. Juu ya 7 ni alkali, kama magadi tunayotia katika makande.

Namba hizi zina ujanja wake: kila ikishuka moja, uasidi huongezeka mara 10. Maji ya limau yana pH ya 2 hivi, na asidi ya betri iko chini ya 1. Kwa kuangalia namba tu ni majirani, lakini limau tunalilamba, wakati asidi ya betri huunguza koo na tumbo, na huweza kupofusha jicho.

Hili linazihusu familia za Kwakoa na vijiji vingine vya tambarare ya Upare zenye betri za sola au za pikipiki. Jina "maji ya betri" hutumika kwa vitu viwili: maji yasiyo na chumvi ya kuongezea ndani ya betri, na asidi yenyewe. Vyote havina rangi. Vikitiwa katika chupa ya soda, mtoto mwenye kiu atajuaje?

Akinywa, wapo watakaokimbilia magadi, kwa kuwa alkali huvunja asidi. Darasani ni kweli. Tumboni, vikikutana hutoa joto na gesi, na jeraha huzidi. Msimpe magadi wala limau, wala msimtapishe. Asukutue kwa maji na kutema, kisha apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa ile.

Ikimwagikia ngozi au jicho, vueni nguo iliyolowa, mwageni maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi, jicho likiwa wazi. Tunajua huko tambarare ndoo ya maji ni mali, lakini siku hiyo msiionee uchungu. Msipake mafuta wala dawa ya meno. Baada ya hapo nendeni kituo cha afya, hata kama maumivu yamepungua.