Je, Wajua? Sufuria Moja, Watu Wengi, Nyama Hakuna

Je, wajua kwamba mjini Palo Alto, California, wapenzi wa makrobiotiki, mlo wa nafaka na mboga wenye asili ya Japani, walianza katika miaka ya 1980 kupika chakula cha jioni kila Jumatatu kwenye ukumbi wa kanisa la Kibaptisti, na desturi hiyo ikadumu miaka mingi? Supu, nafaka, kunde, mboga za majani, achari, kitu kitamu cha kumalizia, kisha chai. Nyama, maziwa na mayai havikuwamo. Mtu alilipia sahani yake, akaketi na wenzake, akaondoka ameshiba na amezungumza. Mikusanyiko ya namna hii, pamoja na madarasa ya mapishi yanayozaliwa humo, ndiyo iliyoubeba mlo wa mimea kutoka nchi hadi nchi. Vitabu vilisaidia, lakini wapo walioumia kwa kufuata kitabu peke yao. Tutafika huko.

Je, wajua kwamba makrobiotiki na uvegani ni vitu viwili? Mvegani hali chochote kitokacho kwa mnyama, asali ikiwemo. Mfuasi wa makrobiotiki huanzia kwenye nafaka: katika mwongozo ulioenea zaidi, nafaka zisizokobolewa huchukua nusu ya chakula cha siku au zaidi, mboga robo hivi, kunde na mwani sehemu ndogo, na supu bakuli moja au mawili. Samaki wa nyama nyeupe anaruhusiwa mara mojamoja. Viazi mviringo, nyanya, biringanya na pilipili huepukwa. Makundi haya mawili yakipika pamoja, mmoja humwacha samaki na mwingine huivumilia nyanya, maisha yakaendelea.

Mizizi ya makrobiotiki iko mahali penye maradhi. Sagen Ishizuka, daktari wa jeshi la Japani aliyezaliwa 1850, aliishi zama ambazo wali mweupe ulikuwa ukiua watu. Mchele uliokobolewa sana hupoteza vitamini B1, na anayeutegemea huo tu hupatwa na beriberi: miguu huvimba au kufa ganzi, moyo hushindwa. Takaki Kanehiro wa jeshi la majini alibadilisha chakula cha mabaharia kuanzia 1884, akapunguza wali mweupe, baadaye akaingiza shayiri, na ugonjwa ukapungua sana. Jeshi la nchi kavu lilichelewa kufuata, na maelfu ya askari wakafa kwa beriberi katika vita na Urusi vya 1904 na 1905. Ishizuka akashika hoja moja: tule nafaka na ganda lake la ndani. Mwaka 1907 wafuasi wake wakaunda chama.

Kule Java, Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe wakilemaa, kisha wakipona walipopewa mchele wenye pumba. Alipata Tuzo ya Nobel 1929.

Sisi tuna jina letu la somo hili: dona. Unga wa dona husagwa na punje nzima, sembe huondolewa pumba na kiini. Ukiketi na mpishi wa makrobiotiki wa Boston ukamweleza tofauti ya ugali wa dona na wa sembe, atakuelewa kabla hujamaliza.

Je, wajua kwamba mtu aliyeieneza makrobiotiki duniani alifika Afrika? Yukikazu Sakurazawa, anayejulikana zaidi kama George Ohsawa, alizaliwa Kyoto 1893. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Lambaréné, Gabon, kwenye hospitali ya Albert Schweitzer, akitaka kumshawishi daktari huyo atibu kwa chakula. Hakufanikiwa. Akaendelea Ulaya, kisha Marekani mwaka 1959.

Ohsawa alipanga milo kumi kwa namba. Wa juu kabisa, namba 7, ulikuwa nafaka tupu. Mwaka 1965 mwanamke kijana wa eneo la New York alifariki baada ya kuung'ang'ania mlo mkali wa aina hiyo kwa miezi. Nalisema jambo hili waziwazi kwa sababu wapenzi wengi wa mlo wa mimea hulipita haraka. Mtu akijifungia na mchele na chumvi, hana wa kumwambia kwamba mashavu yamemwingia ndani.

Ndiyo maana nawaheshimu zaidi Michio na Aveline Kushi, wanafunzi wa Ohsawa waliohamia Marekani, Michio mwaka 1949 na Aveline 1951. Walilegeza masharti, wakaongeza mboga, wakafungua nyumba zao eneo la Boston kwa wageni, na Aveline akafundisha mapishi jikoni, mikono ikiwa kwenye ubao wa kukatia. Mwaka 1966 walifungua kiduka kilichoitwa Erewhon. Wateja waliulizia mchele usiokobolewa, miso, mwani, na jinsi ya kuvipika. Maduka ya kifahari ya Los Angeles yenye jina hilo leo yana mizizi kwenye kiduka kile. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Marekani, mjini Washington, limehifadhi nyaraka na vitu vya familia ya Kushi.

Familia 13 zilihama New York kwenda Chico, California, mwaka 1961, kwa hofu ya vita vya nyuklia. Zilikuwa za makrobiotiki. Huko zikaanzisha kampuni ya chakula, Chico-San, iliyowazoesha Wamarekani vile vikeki vyepesi vya mchele uliopasuliwa kwa joto. Herman na Cornellia Aihara, waliokuwa nguzo za kundi hilo, waliongoza pia kambi ya kila kiangazi msituni French Meadows, watu wakipikiana kwa moto wa kuni.

Je, wajua jinsi gomasio inavyotengenezwa? Hili hufundishwa siku ya kwanza ya darasa, nami nalipenda kuliko mengine yote. Ufuta unaoshwa, unachujwa, unakaangwa kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku ukikorogwa bila kupumzika. Utajua umeiva ukichukua punje moja ukaifikicha kati ya kidole gumba na kidole kingine, ikasagika kirahisi na kunukia. Chumvi hukaangwa kando. Vyote huingia kwenye bakuli la udongo lenye mistari ndani, liitwalo suribachi, na husagwa kwa mchi wa mti, mviringo kwa mviringo, hadi karibu kila punje ipasuke bila kugeuka uji. Vijiko kumi na kitu vya ufuta kwa kimoja cha chumvi. Unanyunyiza juu ya wali. Huwezi kujifunza kiasi cha kukaanga ufuta kwa kusoma. Lazima pua iwepo.

Miso haichemshwi. Unazima jiko, unateka upawa wa supu, unaiyeyusha miso humo, unairudisha sufuriani.

Mwaka 1908 Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua kinachofanya mwani wa kombu ukoleze supu bila nyama: glutamati.

Je, wajua kwamba chama cha wavegani kilizaliwa wakati wa mgao wa vita? Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha Vegan Society nchini Uingereza. Serikali iliwapa walaji mboga waliojiandikisha jibini ya ziada badala ya nyama. Wavegani hawakuwa na la kufanya na jibini hiyo. Hiyo ndiyo sababu kukutana na kupeana mapishi kulikuwa na uzito kwao. Tarehe 1 Novemba sasa ni Siku ya Uvegani Duniani, tangu 1994.

Na watu wale hawakujua jambo moja kubwa: vitamini B12 ilitambuliwa 1948, miaka minne baadaye. Vitamini hii haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Ikikosekana, damu hupungua na mishipa ya fahamu huharibika, wakati mwingine bila kurudi. Mwani hautoshi, miso haitoshi. Mvegani anahitaji kidonge au chakula kilichoongezewa B12.

Uholanzi ilionyesha hivyo kwa uchungu. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Wageningen waliwafuatilia watoto wa familia za makrobiotiki wakakuta wengi wamedumaa, wana upungufu wa B12, na wana dalili za matege, ambazo zilizidi mwishoni mwa majira ya baridi jua likiwa haba. Familia zikashauriwa ziongeze mafuta, samaki na maziwa. Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye mtoto mdogo asianze mlo huu bila kuongea na mtaalamu wa lishe.

Mwani wa hijiki una aseniki. Uingereza iliwashauri wananchi wake waache kuula mwaka 2004. Mwani mwingine wa mezani haukuguswa na onyo hilo.

Mlo huu hautibu saratani. Michio na Aveline Kushi wote wawili walifariki kwa saratani. Anayekuahidi uponyaji kwenye chakula cha jioni, kula wali wake ukatibiwe hospitali.

Je, wajua kwamba Gandhi, akiwa mwanafunzi wa sheria London, alitembea mitaa mingi na njaa hadi alipoukuta mkahawa wa mboga Farringdon Street? Baadaye alisaidia kuunda klabu ya walaji mboga mtaani kwake Bayswater, akawa katibu.

Mwaka 1971 vijana waliotoka California kwa misafara ya mabasi walianzisha kijiji Tennessee, wakakiita The Farm. Kilipofikia zaidi ya watu 1,000, wote walikuwa wakila mimea tu, na soya ilikuwa ndiyo maziwa yao, jibini yao na aisikrimu yao. Mwaka 1980, Cambridge, Massachusetts, lilianza kundi la Food Not Bombs: hukusanya vyakula vinavyotupwa na maduka, hupika bila nyama, hugawa bure barabarani. San Francisco ilianza kuwakamata 1988 kwa kugawa chakula bila kibali, na waliokamatwa katika miaka iliyofuata ni mamia.

Ukisafiri kwa barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, simama Makindu. Hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, enzi ambazo mafundi wao walikuwa wakihudumia reli, hulisha kila mpita njia bila kumuuliza dini wala kumdai senti. Vua viatu, funika kichwa, keti. Dengu, chapati, mboga. Ni chakula kisicho na nyama, ingawa si cha kivegani, kwa maana maziwa na samli vimo. Desturi hiyo, langar, inatokana na Guru Nanak, aliyefariki 1539. Hekalu la Dhahabu la Amritsar hulisha makumi ya maelfu kila siku. Hakuna darasa la mapishi ninaloweza kulilinganisha na jiko la langar: wanaokata vitunguu na wanaoosha sahani ni watu waliojitolea, tajiri na maskini bega kwa bega.

Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, mbali na siku 55 za Kwaresima yao. Sinia la injera lenye vilima vya dengu, shiro na mboga huliwa kwa mkono na wote walio mezani. Nao Wasabato, waliofika Upare mwaka 1903, wamezoea kufundishana mapishi yasiyo na nyama kanisani. Utafiti wa waumini wao wapatao 70,000 wa Amerika Kaskazini, uliochapishwa 2013, ulikuta kwamba vifo miongoni mwa walaji mboga vilikuwa pungufu kwa asilimia 12 kuliko kwa wenzao wanaokula nyama.

Je, wajua kwamba jasho la mwanamke wa Paje au Jambiani linaweza kuwa kwenye glasi ya mvegani wa London? Mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989, kwa sehemu kubwa na wanawake, hutolewa karajinani, ute unaozuia maziwa ya soya na ya lozi yasijitenge. Mkulima huufunga kwenye kamba na vigingi maji yakipwa, akiwa ameinama, jua kali mgongoni. Bei anayolipwa kwa kilo ya mwani mkavu ni ndogo mno kwa kazi ile, na wanaoandaa vyakula vya aina hii Ulaya wangefaa waijue.

Sheria moja ya makrobiotiki inatuhusu sana: kula kinachoota katika hali ya hewa yako. Mwalimu wa Boston humkataza mwanafunzi wake nazi na embe kwa sababu vimetoka mbali. Kwa sheria hiyohiyo, mtu wa Tanga au Lamu ana haki zote za nazi. Mbaazi za nazi ni chakula cha kivegani kabla neno hilo halijazaliwa: mbaazi zichemke mpaka ziive kabisa, tui jepesi liingie kwanza na kitunguu na chumvi, kisha tui zito mwishoni kwa moto mdogo, ukikoroga lisikatike. Kande, kisamvu cha karanga, mchicha wa nazi, kunde, wali wa nazi, mihogo. Hatuhitaji kuagiza miso Japani ili tuandae jioni moja kama ya Palo Alto.

Basi ukiwa na sufuria kubwa na uwanja, waite majirani Jumamosi moja, kila mmoja alete chungu chake na aeleze alivyokipika. Waambie mapema kwamba dagaa, samli na kidonge cha mchuzi wa kuku visiingie. Kisamvu cha karanga na chochote chenye ufuta vipewe meza yao na upawa wao, na uvitaje kwa sauti kabla watu hawajapakua, kwa sababu mzio wa karanga au ufuta unaweza kuua.