Je, Wajua? Dievs, Mungu wa Mbinguni Aliye Mkulima

Je, wajua kwamba katika dini ya jadi ya Walatvia, mungu mkuu wa mbinguni hashuki duniani kwa kishindo? Anaitwa Dievs. Nyimbo za kale zinamwonyesha akiteremka mlima wa mbingu taratibu, mara juu ya farasi, mara kwenye gari, akiwa na koti la kijivu. Anachunga asipukutishe maua ya miti wala asimshtue farasi wa mtu anayelima bondeni. Kunguruma kumeachiwa mwingine, Pērkons, mungu wa radi.

Je, wajua kwamba Dievs ana shamba? Kule juu ana nyumba, ghala, zizi la farasi na pirts, yaani kibanda cha kuogea kwa mvuke ambacho hadi leo hakikosekani katika nyumba nyingi za mashambani Latvia. Anapanda, anavuna, na shayiri yake inapikwa pombe. Kwa macho yangu, hapa ndipo penye utamu wa habari yote. Waliomwimba mungu huyu waliishi kwa karne nyingi chini ya mabwana, wengi wao Wajerumani, wakiwa wamefungwa kwenye mashamba wasiyoruhusiwa kuyahama. Utumwa huo ulifutwa katika mkoa wa Kurzeme mwaka 1817, wa Vidzeme mwaka 1819, na ule wa Latgale ukasubiri hadi 1861. Watu hao walikuwa wakiona mabwana kila siku, na bado mbinguni hawakumweka bwana mwenye mjeledi. Walimweka mkulima mwenzao, anayekuja kuangalia mazao na kuketi mezani penye sherehe.

Je, wajua kwamba Dievs ana ndugu wa mbali? Walituania wana Dievas, Waprusi wa kale walikuwa na Deiws, na wataalamu wa lugha huliunganisha jina hilo na Zeus wa Wayunani na Dyaus wa Wahindi wa kale.

Wanawe je? Wanaitwa Dieva dēli, wana wa Dievs, nao ni vijana wa kupanda farasi, kufyeka majani na kuposa. Wachumba wao ni Saules meitas, mabinti wa Jua. Saule, Jua, ni mwanamke. Mēness, Mwezi, ni mwanamume. Wasomi wamewalinganisha vijana hawa na Ashvin wa India na mapacha Castor na Pollux wa Ugiriki, ambao nao ni watu wa farasi.

Je, wajua kwamba majaliwa ya mtu hayakuachwa mikononi mwa Dievs peke yake? Mtoto anapozaliwa, mwenye neno ni Laima, mungu wa kike wa bahati. Mtoto huyo aghalabu alizaliwa kwenye pirts, kwa kuwa palikuwa na joto na maji.

Sasa tuje kwenye nyimbo, maana bila nyimbo tungemjua Dievs kwa shida sana. Dini hii haikuacha msahafu. Iliacha daina, nyimbo fupi ambazo nyingi ni za mistari minne. Mpenzi wa ushairi wa Kiswahili angeziita tarbia, ila atashangaa kuona kwamba kwa kawaida hazina vina. Mizani zinazo: katika bahari iliyoenea zaidi, mstari una mizani minane, ukikatika katikati, minne kwa minne. Waliozihifadhi zaidi ni wanawake, waliozitumia kwenye harusi, maziko, malezi na kazi za shamba.

Je, wajua kwamba nyimbo hizo zina kabati lake? Krišjānis Barons, mkusanyaji wa daina aliyezaliwa mwaka 1835, alilitengenezesha mwaka 1880 akiwa Moscow. Lina droo 70, na kila droo ina vijumba 20. Ndani yake kuna vipande vya karatasi vya sentimita 3 kwa 11, kila kimoja na wimbo wake kwa mwandiko mdogo wa mkono. Jumla ni 268,815. Hebu pima karatasi kama hiyo kwa kidole chako: haikizidi urefu kwa mengi, na juu yake pana mungu, farasi na shamba la shayiri. Kutoka humo Barons alichapisha Latvju dainas, kati ya 1894 na 1915, yenye nyimbo 217,996 pamoja na tofauti zake. UNESCO iliingiza kabati hilo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2001, na leo liko katika Maktaba ya Taifa mjini Riga. Latvia ina watu wasiofika milioni mbili. Kwa taifa la ukubwa huo, hii ni hazina ya kutisha.

Je, wajua kwamba wamishonari hawakuliondoa jina la Dievs? Riga ilianzishwa mwaka 1201, enzi za vita vya msalaba, na Ukristo ulipoingia ulilichukua jina hilo hilo. Mlatvia akisali kanisani leo anamwita Mungu Dievs. Hata wimbo wa taifa, uliotungwa na Kārlis Baumanis na kuimbwa mwaka 1873, ni ombi kwa Dievs aibariki Latvia. Mtanzania anayeimba “Mungu ibariki Afrika” ataitambua dua hiyo mara moja. Ndiyo maana ni kazi ngumu kutenganisha katika daina jambo lipi ni la kale na lipi limekuja na kanisa.

Tazama sikukuu ya Jāņi, usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Juni: ina jina la Yohana Mbatizaji. Lakini katika nyimbo zake Jānis, yaani Yohana, huitwa mwana wa Dievs, na watu hukesha kando ya moto wakila jibini yenye mbegu za kisibiti, wanaume wakivaa mataji ya majani ya mwaloni.

Je, wajua kwamba kuna aliyeuawa baada ya kuirudisha dini hii? Ernests Brastiņš, msanii na mtafiti wa vilima vya ngome za kale, aliongoza katika miaka ya 1920 vuguvugu la Dievturība, linalojenga imani yake juu ya daina. Utawala wa Kisovieti ulimkamata mwaka 1940 na kumuua mwaka 1942. Vuguvugu lilipigwa marufuku, waumini wengine wakaliendeleza uhamishoni. Baadaye lilirudi nyumbani, na mwaka 2017 hekalu la mbao la Lokstene lilifunguliwa kwenye kisiwa kidogo cha mto Daugava, na waumini wake wanakutana humo kumwimbia Dievs.