Kura ya Mpira wa Kikapu: Bahati au Njama?

Katika vyama vya akina mama Runyenjes, zamu ya kupokea pesa huweza kuamuliwa kwa vikaratasi vyenye nambari. Hukunjwa, hutiwa koponi na kutikiswa, kisha kila mmoja huokota chake. Manung'uniko huwa machache, kwani wote wameona.

Ligi ya NBA ya Marekani nayo hupiga kura kuamua timu itakayotangulia kuchagua chipukizi. Kura kama hiyo iliipa Memphis nafasi ya pili mwaka 2009, ikamchukua Mtanzania Hasheem Thabeet.

Tuhuma zilianza 1985. Bahasha saba zilitiwa ndani ya pipa la kuzungushwa, na New York Knicks ikashinda nafasi ya kumchukua Patrick Ewing. Wengine hudai bahasha hiyo ilikunjwa pembeni, au ilitiwa baridi ili itambulike kwa mkono. Ushahidi haujapatikana.

Mwaka 2025 Dallas Mavericks ilishinda ikiwa na nafasi 18 tu kati ya 1,000, miezi michache baada ya kumwachilia nyota wake, Luka Dončić. Kelele zikazuka upya.

Je, ni njama? Nafasi 18 ni chache, lakini si sifuri. Tatizo ni kwamba mipira iliokotwa faraghani mbele ya mashahidi wachache, umma ukaonyeshwa matokeo baadaye.

Kwa hivyo, unapogawa zamu nyumbani au bwenini, kunja vikaratasi mbele ya wote. Kutenda haki hakutoshi; sharti ionekane.