Helikopta na Upepo wa Milima ya Uluguru

Asimamaye Morogoro, mji ulio kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, akainua macho hata Bondwa, kilele kipitacho mita 2,000, aghalabu huona milima imetulia. Kumbe majira ya kusi, hewa itokayo Bahari ya Hindi, ikiisha kuimwaga mvua yake kwenye miteremko ya mashariki, huvuka mgongo wa Uluguru na kuporomoka upande wa mji, mfano wa maji yapitayo juu ya mwamba, na helikopta irukayo chini chini hudidimizwa pamoja nayo.

Lililo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni upepo kugeuka. Helikopta iendayo polepole huinuliwa na upepo inaoukabili. Ukihamia nyuma ghafula, msaada ule hutoweka, rubani huongeza nguvu za injini, na rafadha ndogo ya mkiani, ambayo kazi yake ni kuuzuia mwili wa chombo usizunguke, huweza kulemewa. Aliye juu sana ana muda wa kujiokoa. Aliye mita 30 juu ya migomba hana. Basi rubani mwenye hadhari, kabla ya kuingia bonde la Mgeta, humo humo milimani, hutazama moshi wa mashamba: huu ukilala huku na wa ng'ambo ukilala kule, hurudi mapema, bonde lingali pana la kumtosha kugeuza chombo.