Kwa nini hatusahau tulikokuwa mtu mashuhuri alipofariki

MUULIZE mkazi wa Riruta Satellite, jijini Nairobi, alikuwa wapi mnamo Oktoba 15, 2025 habari zilipofika kwamba aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga, amefariki nchini India. Huenda akakujibu bila kusita: mmoja alikuwa ndani ya matatu katika barabara ya Naivasha, mwingine alikuwa akifungua duka, na mwingine alipigiwa simu na jamaa yake wa Kibera.

Muulize pia alichokuwa akifanya siku mbili kabla ya hapo, naye atabaki akikuna kichwa.

Wazee nao wana tarehe zao. Wapo wanaokumbuka Jumamosi ya Julai 5, 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katika barabara ya Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Wengine watakueleza waliposimama wakisikiliza redio Agosti 22, 1978, Rais Jomo Kenyatta alipofariki mjini Mombasa.

Mnamo 1977, wanasaikolojia wa Marekani Roger Brown na James Kulik walilinganisha kumbukumbu za aina hii na picha inayopigwa kwa mmweko wa kamera. Walieleza kuwa mshtuko hulifanya tukio linase akilini pamoja na mambo madogo yaliyolizunguka: mahali, aliyeleta habari na kazi iliyokuwa ikifanywa.

Aidha, waligundua kuwa uzito wa kifo kwa mtu binafsi una nafasi kubwa. Wamarekani weusi waliokumbuka waziwazi walivyopokea habari za kuuawa kwa Martin Luther King mnamo 1968 walikuwa wengi kuliko wazungu.

Ndiyo sababu mkazi wa Kibera, mtaa uliokuwa katika eneobunge la Lang'ata Raila alipokuwa mbunge wake, huenda akaihifadhi siku ile kwa namna tofauti na mtu aliyemjua kiongozi huyo kupitia televisheni pekee.

Hata hivyo, kukumbuka waziwazi si sawa na kukumbuka sahihi.

Chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 28, 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi waandike, siku moja baadaye, jinsi walivyopata habari hizo. Takriban miaka mitatu baadaye waliwauliza tena. Karibu robo yao walikosea kila jambo kuu, ilhali wengi walikuwa na hakika kamili. Hata walipoonyeshwa maandishi yao wenyewe, kumbukumbu ya awali haikurejea.

Sababu ni kwamba kila tunaposimulia kisa, tunakijenga upya. Tuliyoyasikia kwa jirani au kuyaona gazetini baadaye huingia humo kimyakimya.

Nchini Kenya, jambo hili si la kupiga soga tu. Mbunge J.M. Kariuki alitoweka Machi 2, 1975. Mwili wake ulipatikana katika vilima vya Ngong, lakini zilipita siku kadhaa kabla ya familia kuutambua katika mochari ya jiji, huku ripoti ya gazeti ikidai alikuwa Zambia. Kwa hivyo, mwananchi wa kawaida anayeapa leo kwamba alijua kuhusu kifo hicho usiku uo huo, huenda ameziunganisha siku kumi zikawa moja, bila nia ya kudanganya.

Vifo kama hicho viliacha maswali ambayo hadi leo hayajajibiwa kikamilifu, na kumbukumbu za walioishi wakati huo ni sehemu ya ushahidi wa historia. Inafaa kuzichukua kwa heshima, na pia kwa uangalifu. Waulize wazee kila mmoja kivyake kabla hawajalinganisha visa, kisha upime maelezo yao kwa tarehe zinazojulikana.

Na msiba mwingine wa taifa utakapotokea, andika siku iyo hiyo: ulikuwa wapi, nani alikuambia, saa ngapi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali.