Waliiba winchi, timu ikapoteza pointi 3

NIMESHAONA timu ikifungwa kwa penalti ya utata, kwa kipa kutoka ovyo, hata kwa beki kujifunga. Lakini timu kupoteza pointi 3 kwa sababu ya boliti nne za gari, hiyo niliiona mara moja tu, Bonde la Kilombero.

Ilikuwa masika. Timu moja ya ligi ya mkoa ilikuwa ugenini upande wa Mlimba. Wachezaji walitangulia siku moja kabla. Katibu wao alibaki nyuma kumalizia mambo ya leseni za wachezaji, akalala gesti moja Ifakara. Mimi nikadandia Land Cruiser aliyokodi, maana nilitumwa kuandika mechi hiyo.

Tuliondoka alfajiri, giza bado, mvua inanyesha. Saa 3 asubuhi tukazama. Wanaoijua njia ile wakati wa masika wanaelewa. Ule ni udongo mfinyanzi, tairi linazunguka tu na gari linazidi kukaa.

Dereva, mzee mmoja mtulivu, wala hakushtuka. “Mwanangu, shuka ukavute waya tufunge kwenye ule mti,” akaniambia.

Nikashuka, nikafungua turubai dogo lililofunika winchi kwenye bampa la mbele. Chini yake hakukuwa na winchi. Kulikuwa na gunia limejazwa majani makavu, limepangwa kufuata umbo lake. Mwizi alifanya kazi yake usiku, akarudisha turubai na kulifunga vizuri. Nasi tukapita mbele ya gari hilo asubuhi bila kujua lolote.

Trekta la mkulima wa mpunga lilituokoa alasiri. Tulipofika uwanjani watu walikuwa wanatawanyika. Bila leseni hakuna mechi, mwamuzi alishafunga kazi na pointi 3 zikaenda mezani kwa wenyeji. Mwisho wa msimu timu ile ilikosa kupanda kwa pointi 2. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa nini wanaipenda

Tangu siku ile kila nikipita gereji nauliza habari za winchi. Nimegundua kwamba mwenye gari hufunga milango, huweka alamu na hulipa mlinzi, halafu kifaa cha bei kubwa kabisa anakiacha nje, puani mwa gari.

Winchi nyingi za umeme zinashikiliwa na boliti nne tu. Ile ya uwezo wa pauni 9,500, yaani kama kilo 4,300 za kuvuta, yenyewe ina uzito wa kilo 30 hadi 40 hivi. Mtu mmoja anaibeba, bodaboda inaondoka nayo. Tena alamu ya milango haijui chochote kinachoendelea kwenye bampa.

Ukweli ni kwamba hakuna kufuli moja litakalomzuia mwizi mwenye muda na vifaa. Ni kama kumkaba straika hatari, humwachii beki mmoja. Unampa kazi hatua kwa hatua mpaka achoke, apige kelele, au aende gari jingine.

Anza na boliti

Hapa ndipo penye mechi yenyewe. Boliti za kawaida zinafunguka kwa spana ya kila fundi. Badilisha nati uweke za kufuli, kama zile za rimu, ambazo hufunguka kwa soketi yake maalumu. Hata ukibadilisha mbili kati ya nne, tayari mwizi ana tatizo.

Zipo pia za kukatika kichwa. Ukikaza hadi mwisho, kichwa kinakatika na kubaki kipande laini cha mviringo ambacho spana haikamati. Kukitoa ni kazi ya kutoboa au kukata, na kelele zake zitaamsha mtaa.

Kama boliti zako zina tundu la pembe sita kichwani, mafundi wana mbinu ya bei ya chini. Wanagongea gololi ya chuma ndani ya tundu na kuziba kwa gundi ngumu ya epoksi. Siku ya matengenezo unailainisha gundi kwa joto na kuitoa gololi taratibu.

Tahadhari mbili. Kwanza, boliti hizo ndizo zinazobeba mzigo wote gari linapovutwa. Fuata kipimo na daraja la nguvu kwenye kitabu cha winchi. Namba kama 8.8 kichwani mwa boliti inaonyesha nguvu yake, hivyo usiweke boliti dhaifu kwa kuwa tu ina kufuli. Pili, usikubali winchi yenyewe ichomelewe kwenye bampa. Joto linaweza kuharibu sili na mota, na siku ikihitaji kufunguliwa utalia.

Umeme na waya

Winchi huchukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya nene. Funga swichi ya kukata umeme, na iwe chini ya boneti au ndani ya gari. Swichi haizuii wizi, ila inazuia mtu kuichezea winchi yako, na inapunguza hatari ya moto nyaya hizo zikikatwa au kugusana.

Rimoti isikae nje hata dakika moja. Ndoano na shako zitoe, ziweke ndani. Kama unatumia kamba ya sintetiki badala ya waya wa chuma, jua kwamba kisu kinatosha kuiondoa.

Fundi wa umeme pia anaweza kupitisha waya mwembamba wa alamu kwenye winchi. Ikivutwa, waya unakatika na honi inalia.

Maegesho na karatasi

Ukifika gesti, egesha pua ikitazama ukuta, karibu kiasi kwamba mtu hapati nafasi ya kupitisha mkono na spana. Tafuta penye taa. Turubai linasaidia kuficha mali, lakini sisi lilituficha hasara, kwa hiyo asubuhi lifungue na uguse kwa mkono.

Kama unanunua sasa, fikiria winchi ya kuchomeka, inayokaa kwenye kiti chake kwa pini yenye kufuli. Usiku unaitoa na kulala nayo chumbani.

Piga picha ya namba yake, tunza risiti, chonga alama yako mahali pasipoonekana haraka. Muulize wakala wako kama bima kubwa inahusu vifaa vya kuongeza, maana mara nyingi lazima uvitaje. Ikiibwa, nenda polisi ukachukue RB siku hiyo hiyo. Na wewe unayeuziwa winchi nusu bei bila risiti, kumbuka kupokea mali ya wizi nako ni kosa.

AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Mashabiki wengi watasafiri kwa magari, na baadhi wataacha lami. Mambo haya ni ya kumalizwa gereji, siyo porini.

Yule mzee nilikutana naye tena msimu uliofuata. Kabla ya kuwasha gari alizunguka mbele, akafunua turubai, akaitikisa winchi mpya mara mbili. Kisha akanitazama.

“Panda mwanangu,” akasema, “leo ipo.”